Aya Niliyoiacha

"Bibi, makala haya ndiyo yaliyowatoa makuli bandarini wakamgomea Mngereza," kasema Khulood, mjukuu wangu. Kalifungua mezani kwangu, hapa Wattaya, ng'ambo tulikohamia, jarida la zamani la tariqa yetu ya Kisufi ya Unguja. Anaandika kitabu cha ushujaa wa baba yangu.

Ushujaa! Maskini, alifungwa miaka miwili huku anashangaa.

Mie ndo niliyekuwa nikimnakilia makala yake. Aya ya mwisho aliwasihi watu wasubiri, wazidishe dhikri, wasigome. Lakini kidole changu kilishavimba kwa kalamu, nikaiacha; yakachapwa bila ya aya hiyo. Mpaka leo kina kinundu.

"Yameishia hapa, Bibi?"

Karibu miaka sabini naibeba aya ile. Nimechoka.

"Hayajesha, mwanangu. Bado aya moja. Andika, na wewe usije ukachoka."