Pumzi Kwanza, Neno Baadaye

Tangu kila mtu avishwe shingoni taa inayowaka nyekundu akisema uongo, ni waigizaji tu walioweza kuihadaa. Dakta Mwanakombo ndiye aliyewafundisha chuoni, miaka ishirini: vuta pumzi, shika sikio la kushoto, kumbuka jambo la kweli, ndipo useme.

Jioni moja mumewe, mpima ardhi asiyejua jukwaa wala pazia, alichelewa kurudi.

"Ulikuwa wapi, baba Zawena?"

Akavuta pumzi. Akashika sikio la kushoto.

"Msibani, mke wangu."

Taa yake haikuwaka.

Mwanakombo akawapitia akilini wanafunzi wake wa kike, mmoja mmoja. Kisha akavuta pumzi, akashika sikio.

"Pole, mume wangu. Nakuamini."

Yake nayo haikuwaka.