Tawi la Kidoko

Niliwahi kufika harusini na suti na zawadi, mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, nikafunguliwa mlango na bibi harusi mwenye ufagio. Kwa hiyo simcheki sana Kidoko, chura wa mitini aliyekuwa na majivuno.

Huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa utu uzima. Alimiliki tawi lililoinamia bwawa, na majike wote walimfuata hapo. Kiangazi kilipokolea alijaribu kuimba, sauti haikutoka. Jike akapita mbele ya pua yake, naye hakusikia hamu yoyote. Akapigwa na butwaa.

"Nimekwisha, mzee," alimwambia jirani yake Chubwi, chura asiyependa maneno mengi. "Nguvu za kiume zimeniisha. Chukua tawi langu."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Kobe huyu hapa ni shahidi."

Mvua za kwanza ziliponyesha, koo la Kidoko likajaa, damu ikachemka, akapanda mbio. Akamkuta Chubwi tawini anaimba, majike wanne wamemzunguka.

"Kumbe ni kiangazi tu? Ulijua?"

"Hutupata sote, kila mwaka."

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Hukuniuliza. Ulinipa tawi."