Radhi ya Safari

Siku hizi gari haliondoki mpaka waliomo wawe wamepeana radhi. Viti husikiliza mioyo, na mmoja akiwa amemdhulumu mwenzake, taa nyekundu huwaka.

Tangu asubuhi gari-nyumba letu lilikwenda bila taabu juu ya majabali ya pwani. Adhuhuri tulisimama, tukapika chai, nami nikawasomea rafiki zangu shairi langu jipya kwa mara ya kwanza.

"Beti mbili za mwisho zimenitoa machozi, kaka!" alisema Mkasi. Makame alimwaga chai yake, akaanza kukusanya vikombe.

Tuliporudi garini, taa ikawaka.

"Ni mimi," Mkasi alicheka. "Makame, nimemaliza maziwa yako. Niwie radhi."

"Nimekusamehe, mroho wewe."

Taa haikuzimika.

Nilijua kwa nini. Beti zile mbili zilikuwa za marehemu mama yake Makame. Nilizinakili kutoka kwenye daftari aliloniazima Makame. Neno lilinifika kooni, lakini mimi nijishushe mbele ya Mkasi, aliyekuwa bado ananitazama kwa sifa?

"Gari bovu hili," nikasema.

Makame aliyatazama mawimbi yakipasuka kwenye miamba. "Nimemsamehe," akasema taratibu.

Taa ikazimika, gari likaondoka. Halikuuliza kama msamaha ule uliombwa.

"Umemsamehe nani?" Mkasi aliuliza.

"Tumeshaondoka, dada."

"Haya. Basi mshairi wetu, tusomee tena zile beti mbili."

Niliitazama taa, nikiomba iwake. Haikuwaka. Makame aligeuka, akasubiri nianze.