Shikamoo Moja Tu

Kijiji kizima cha Didia hakuna bibi aliyesoma kumshinda Nyamizi: alifika darasa la nne, ingawa la nne lenyewe alilirudia mara tatu.

Mjukuu wake, ambaye Nyamizi alimlea tangu mdogo, alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya matunzo ya wazee. Siku hiyo alikuja na mhadhiri wake kukagua utafiti.

"Bibi yangu huyu hasikii kabisa, na akili zimeshapotea," mjukuu alisema. "Namhudumia mwenyewe kila wiki, huu mwaka wa pili."

Mara ya mwisho kufika hapo ilikuwa matanga ya babu yake, mwaka juzi.

Kiganja chake laini kilimpapasa Nyamizi goti, taratibu, kama anayetuliza ng'ombe asiwarukie wanunuzi mnadani. Nyamizi alimeza uchungu. Akisema neno, mtoto atafeli.

Mhadhiri, mama wa makamo, akachuchumaa. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, bibi."

Mzee haiachi shikamoo ikaanguka chini. Labda ulimi ulimponyoka, labda aliuachia mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mhadhiri akamgeukia mwanafunzi wake.

"Hee, bibi!" mjukuu akaruka. "Kumbe umepona!"