Sehemu Iliyobaki Nyeupe

Kwa siku tatu Mzee Shemweta aliendesha boti bwawani, akienda na kurudi kama mtu anayelima matuta, huku Zawena akitazama kompyuta ikichora sakafu ya maji. Kifaa cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti kilichofungwa ubavuni kilikuwa cha bei nafuu na programu ilikuwa ya bure, lakini ramani ilitoka safi. Sehemu moja tu ilibaki nyeupe, kwa sababu kila walipoikaribia, mzee alikata kona.

"Mzee wangu, mazalia ya samaki yasiyokuwa kwenye ramani hayatalindwa," alisema Zawena. "Wavuvi wataburuta nyavu zao hapo."

Mzee alizima injini. "Kabla maji hayajaletwa, hapo ndipo tulipozika watu wetu. Makaburi hayarukwi, binti yangu."

Boti iliyumba kidogo. Kisha mzee akavua kofia, akavua na ndala, akashika kasia.

"Jamani, tunapita," aliyaambia maji. "Mtuwie radhi."

Alipiga kasia taratibu. Kwenye kioo cha kompyuta yakajitokeza mawe kwa safu, na kati yake mashimo ya duara ambamo perege hutagia mayai.

Mzee aliweka kidole kwenye rundo dogo la mwisho. "Huyu ni Mbonea wangu. Hakuwahi hata kutambaa."

Programu ikamtaka Zawena achague aina ya sakafu: mawe, mchanga au tope. Vidole vyake vilibaki hewani, na juu ya lile rundo dogo samaki walizidi kukusanyika.