Neno la Siri la Mpambaji

"Zimeshafika kwenye mtandao wa giza, mama," fundi wa simu alimwambia taratibu, kibandani kwake Kona ya Musa. "Huko hazifutiki tena."

Mpambaji akaichukua simu yake mezani. Zilikuwa picha za maharusi wake wote siku ya kutiwa hina, vichwa wazi, mabega wazi, chumbani ambamo hata kaka wa bibi harusi haingii. Aliwaapia kwamba ni za kukumbukia nakshi tu, kwamba hazitamtoka mkononi.

"Aliyeingia hakuvunja kitu," fundi aliendelea. "Alibahatisha neno lako la siri. Ulikuwa umeweka nini?"

Mpambaji alivitazama vidole vyake vilivyoiva piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea nakshi. Alikuwa ameweka jina la kifungua mimba wake, jina ambalo mama halisahau. Mtu baki angelijuaje?

Nje, bibi harusi wa mwezi uliopita alikuwa akipita. Alipomwona alisimama, akainua mkono ambao hina yake ilishaanza kuchujuka, akamwita kwa furaha, kama anavyoitwa na Ukunda nzima:

"Shikamoo, Mama Swabir!"