Tonge la Kisamvu

Tangu mtambo wa nyuklia ulipuke ng'ambo ya vilima na mvua kuzinyeshea mboga mionzi, watu walikatazwa kula majani ya mashambani. Lakini Shemsa, mke wa mwanawe Bi Ruzuna, alikuwa mja mzito, na katika ukoo wao mwenye mimba ya kwanza hulishwa kisamvu cha shamba la nyumbani, kwa mkono wa mama mkwe.

"Nimekiosha kwa maji ya chumvi, nikakitwanga, nikakichemsha mpaka kikalainika," alisema Bi Ruzuna, akiketi mkekani mbele ya Shemsa. "Sumu gani itabaki humo?"

"Mama, mionzi haitoki kwa chumvi wala kwa moto."

"Umeiona wewe?"

"Haionekani."

"Hata majini hawaonekani, na kila siku tunakula bila kuwaogopa!" Bi Ruzuna alicheka, akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye kisamvu. "Haya, fungua kinywa, mwanangu. Usiniaibishe."

Nazi ilinukia, mate yakamjaa Shemsa kinywani. Mtoto akageuka tumboni. Shemsa alifumba midomo, akatikisa kichwa.

Kicheko kilimkauka Bi Ruzuna. "Unadhani nataka kumuua mjukuu wangu?"

"Sidhani, mama."

"Basi tazama." Akalipeleka tonge kinywani mwake mwenyewe.

Kabla halijafika, Shemsa alimdaka mkono. Hakuwahi kumshika hivyo tangu aolewe. Mkono ule ulikuwa mwembamba kama kijiti, lakini ulivuta kwa nguvu. Shemsa naye hakuuachia, na mchuzi wa kijani ukawa unateremka polepole kwenye vidole vya wote wawili.